Uzi wa Kijani Kwenye Mlango wa Bhoke

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari mmenikasirisha. Nilipita pale gereji Mugumu kuchukua kigoda changu, nikamkuta mmoja wenu (simtaji, anajijua) ametoa fyuzi iliyoungua kwenye pikapu ya mtu na mahali pake ameweka kipande cha waya. Nikamuuliza, "Mura, kijana wangu, hii fyuzi imekufa kwa sababu gani?" Akanijibu bila hata kuinua uso: "Si imeungua tu, mzee." Imeungua tu! Ni kama mtu anakuta maiti sebuleni kwake, anasema kafa tu, leteni jeneza.

Ndiyo maana naandika. Siku ya kuniaga mliniomba niwaachie maneno, mkanipa soda na keki. Soda nilikunywa, keki walikula wajukuu. Maneno ni haya, na sitayatia asali. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo yanaisha kwa sentensi mbili. Nitawaeleza habari za nyaya, na mzee aliyenifundisha, na dereva mmoja anaitwa Bhoke, ambaye nilikaribia kummaliza kwa mikono hii hii mliyoipigia makofi.

Nilianzia Tarime mjini, gereji ya Mzee Salum, kando ya barabara ya kwenda Sirari. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyetoka pwani akalowea huku. Salum mwenyewe alizaliwa Tarime, akajua Kiswahili cha kupatana na Kikurya cha kugombana. Mimi nilikuwa natoka Nyangoto kuponda mawe ya dhahabu. Mgongo umekwisha, mapafu yamejaa vumbi, nikajisemea umeme wa magari ni kazi ya kukaa kivulini. Mjinga mimi.

Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alinitupia rundo la nyaya zilizong'olewa kwenye mlango wa gari bovu, nene kama mkono wangu, akasema, "Tafuta kila kiungo humo ndani. Halafu uniambie, aliyekifunga alikuwa na haraka au alikuwa na akili." Nikakaa na nyaya zile siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuona. Kiungo cha mtu mwenye haraka kimesokotwa mara mbili na kuvikwa tepu nene ya kufichia aibu. Kiungo cha mtu mwenye akili ni chembamba, kimenyooka, kimeshikwa na solda, ukikivuta hakikubali.

Solda yenyewe tulichoma kwa mkaa. Umeme wa pale ulikuwa unakuja kama mgeni, kwa hiyo Mzee Salum alikuwa na vyuma vya shaba vinavyolala kwenye jiko tangu asubuhi. Kama mkaa haujakolea, kazi haianzi. Wateja walipiga honi, walitukana, wengine waliondoka. Yeye anapepea jiko lake tu.

Na palikuwa na desturi ambayo sijaiona gereji nyingine yoyote, si huku si kule ng'ambo. Kila fundi alikuwa na uzi wake wa cherehani. Ukishaunga waya, ukachoma solda, ukafunga tepu, unazungusha uzi wako juu ya tepu mara tatu na kukaza fundo. Wa Mzee Salum ulikuwa mweupe. Fundi mwenzangu alikuwa na mwekundu. Mimi nikapewa kijani. Nikauliza ni urembo wa nini. Mzee Salum akanitazama vibaya. "Kazi isiyo na mwenyewe haina haya," akasema. "Uzi huu ndio haya yako. Gari likirudi na hitilafu, tunafungua, tunaangalia rangi. Hakuna kusema sijui, hakuna kusema alikuwa fulani."

Mwezi wa pili nikajifanya mjuzi. Ilikuwa Ijumaa, mzee yuko msikitini, ikaja pikapu kutoka Kewanja, vioo vya umeme vimegoma. Nikaangalia, fyuzi imeungua. Sina nyingine. Nikachukua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaiviringisha kwenye fyuzi, nikairudisha. Kioo kikapanda! Mteja akanishika mkono kwa furaha, mimi kifua mbele. Kabla ya swala kumalizika pikapu ile imerudi inasukumwa, mlango unatoa moshi, nyaya zimeyeyuka zimegandana na plastiki. Kumbe vumbi la mawe lilikuwa limejaa kwenye mota ya kioo, mota imekaza, inavuta umeme kupita kiasi, na fyuzi maskini ilikuwa imekufa kutulinda. Mimi nikamvika maiti sanda ya sigara nikamrudisha kazini.

Mzee Salum hakunipiga. Bora angenipiga. Alikichukua kile kikaratasi kilichobaki, akakinyoosha kwa kidole gumba, akakibandika ukutani juu ya benchi langu. Kilikaa pale miaka yote niliyofanya kazi kwake. Wateja wakiuliza, anawaambia, "Muulizeni mwenye benchi."

Jambo la pili alilonitia kichwani lilikuwa kumsikiliza dereva. "Dereva anaishi na gari, wewe umelikuta leo. Mwache aseme mpaka achoke." Aliniudhi sana kwa hilo, maana madereva wana maneno. Alikuja mmoja kutoka upande wa Kenya, kapitia Sirari, akashuka akisema, "Boss, hii gari yangu iko na mashetani. Nikipiga honi, wiper inacheza." Mimi nacheka. Mzee Salum akamletea kiti, akamuuliza ilianza lini, ilianza baada ya nini, mvua ipo au haipo. Yule bwana akakumbuka kwamba alikuwa amepaka gari rangi upya. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye bolti moja pale mbele, akaifungua, akakwangua rangi iliyopakwa chini ya waya unaorudisha umeme kwenye bodi, akaifunga. Mashetani yakahama. Hakutumia mita, alitumia masikio.

Haya yote nayasema ili mjue kwamba nilifundishwa. Sina kisingizio. Mtu ambaye hakufundishwa unaweza kumhurumia.

Mzee Salum alipofariki nikahamia Mugumu, gereji ambayo sasa ni yenu. Uzi wangu na vyuma vya mkaa nikaja navyo. Mlinicheka, mkaniita fundi cherehani. "Mzee anashonea gari suruali." Nikawaacha. Nikawa mkali kwa kazi za watu, nikifungua gari nikakuta kiungo kibovu nilikuwa natukana mpaka mama muuza uji anasogeza sufuria. Mlinizoea hivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa Bhoke. Kulikuwa na shirika dogo la afya, jina liacheni, lina gari moja la kupeleka dawa na vifaa kwenye zahanati za vijijini. Dereva alikuwa Bhoke, binti wa Ringwani, mjane, ana watoto wawili. Alijifunza kuendesha kwenye trekta la mjomba wake, na barabara za kule mnazijua mvua ikinyesha. Hajawahi kuangusha gari. Hayo najua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba ni mwanamke na amekalia usukani, na nilikuwa na maneno yangu kuhusu hilo, ya kijiweni, ambayo sitayarudia mbele ya wajukuu.

Gari lile niliwahi kulitengeneza mapema, kabla Bhoke hajapewa. Kioo cha dereva kilikuwa kinashuka nusu kinagoma. Hitilafu hiyo mnaijua, au mnapaswa kuijua: kati ya mlango na bodi, pale kwenye bawaba, nyaya zote za mlango zinapita ndani ya bomba la mpira. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zinakunjwa, kila unapofungwa zinakunjuliwa, na baada ya miaka zinakatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje. Nilivuta ule mpira, nikakuta tatu zimekatika. Mbili za kioo, moja ya loki.

Mkaa ulikuwa haujakolea. Mkubwa wa lile shirika alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, wageni wake wanafika mchana, anataka gari sasa hivi. "Fundi, bora liende!" Na mimi, mwanafunzi wa Mzee Salum, nikasokota nyaya zile kwa mkono, nikazungusha tepu, nikasema Jumatatu nitazirudia kwa solda. Na kwa kuwa mkono umezoea, ukachukua uzi wa kijani, ukazungusha mara tatu, ukakaza fundo kabla akili haijauliza unafanya nini. Hiyo Jumatatu ilichukua miaka sita kufika.

Siku moja Bhoke akaja gereji. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Loki za gari zinaruka zenyewe. Nafunga, nasikia zimefunga, nikirudi nakuta milango iko wazi. Si kila siku. Siku nyingine wiki inapita."

Hapo ndipo ningepaswa kuleta kiti. Badala yake nikafuta mikono kwenye ovaroli nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, wewe unabonyeza mara mbili. Ya kwanza inafunga, ya pili inafungua. Gari halina mzimu." Mkacheka. Msijifanye hamkumbuki, wawili wenu mlikuwepo.

Akasema, "Nabonyeza mara moja, fundi. Halafu nasimama nasikiliza."

"Basi nenda ukasikilize vizuri." Hata mlango sikuufungua. Aliondoka, na mimi nikaendelea na kazi nikiwa najiona mchekeshaji.

Miezi michache baadaye watu wa Ringwani walipata darubini kwa ajili ya zahanati yao, ile ya kuangalia vijidudu vya malaria kwenye damu. Walichanga wenyewe. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi, mwenye mahindi mahindi, kuna bibi alileta mayai. Bhoke akatumwa kuichukua Mugumu. Akaipakia kiti cha nyuma, akaegesha sokoni, akafunga gari, akaenda kunywa chai, maana alitoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni. Aliporudi, milango haikuwa imefungwa na darubini haipo. Kioo hakikuvunjwa. Kitasa hakikuguswa.

Kijiji kikaita mkutano wa wazee, huku tunauita ritongo. Ritongo wakaamua kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeikubali: mlango haukuvunjwa, basi aliyefungua alikuwa na ufunguo, mwenye ufunguo ni Bhoke, basi Bhoke aliwafungulia wezi. Akasema loki zinaruka zenyewe. Wakamuuliza, fundi anasemaje? Na kwa kuwa ni mtu mkweli akajibu, "Fundi alisema nabonyeza vibaya."

Wakamtenga. Kama hamjaona mtu akitengwa, ombeni msione. Mashine ya kusaga haipokei mahindi yake. Haombi moto, hapewi moto. Akifika kisimani wengine wanainua ndoo wanaondoka. Hakuna wa kumsalimu, na akisalimu hakuna wa kuitikia. Anayeitikia anatengwa naye. Wakampa wiki mbili awataje wenzake, la sivyo ahame Ringwani na watoto wake. Kazini naye akasimamishwa siku hiyo hiyo. Nyumba, kazi na jina, vyote kwa kikombe kimoja cha chai.

Habari zilifika Mugumu haraka, maana mke wangu ni wa kule. Mimi nilisemaje? Nilisema, "Lisemwalo lipo." Ndivyo nilivyosema. Siku ya tano au ya sita Bhoke akapita gereji kwa miguu, anatoka kuomba kazi yake, viatu vimejaa vumbi. Akasimama. "Shikamoo, fundi." Mugumu si Ringwani, hakuna mzee wa ritongo aliyekuwa ananitazama. Nikaingiza kichwa changu kwenye injini iliyokuwa mbele yangu. Injini yenyewe ilikuwa nzima, nilikuwa nimeshaimaliza. Nikakaa humo mpaka viatu vyake vikaondoka.

Siku ya kumi na moja gari likaletwa na dereva mpya, Chacha, kijana wa Mugumu hapa hapa. Lina pancha gurudumu la mbele la upande wa dereva. Mnapandisha jeki, naye anazungumza nami dirishani. "Fundi, hizi loki zina wazimu. Jana zimefunguka zenyewe mara mbili, na sijagusa kitu."

Na mimi nikaacha nilichokuwa nashika nikasema, "Hebu niambie vizuri. Ilikuwaje?"

Someni sentensi hiyo tena. Maneno yale yale, gari lile lile. Mwanamke aliposema, nilimwambia ajifunze kubonyeza. Mwanamume aliposema, nilileta kiti. Nilikuwa sijaliona hilo bado. Nililiona saa moja baadaye na sijaacha kuliona.

Nikaingia chini ya dashibodi. Loki za gari lile zinaendeshwa na kisanduku kidogo, na kutoka mlango wa dereva kuna waya mwembamba unaokiletea amri. Ukigusishwa kwenye bodi ya gari, kisanduku kinaelewa kwamba dereva amesema fungua, na kinafungua milango yote. Fyuzi haiungui, taa haiwaki, hakuna ushahidi unaobaki. Nikautenga ule waya, nikaweka ncha moja ya mita kwake na nyingine kwenye bodi, mlango umefungwa. Mita ikalia. Pii! Ina maana huko mlangoni waya uko uchi na unagusa chuma. Nikafungua mlango, mita ikanyamaza. Nikafunga, ikalia.

Hasira zikanipanda. Nikavuta ule mpira wa kwenye bawaba, umepasuka, na ndani yake nikagusa kwa vidole tepu iliyokauka ikafunguka, na shaba inachomoza kama mfupa. Nikaanza. Mliokuwepo mlisikia. "Ni mshenzi gani huyu? Hajui hata solda ni nini! Huyu si fundi, huyu ni mchunga punda! Mtu kama huyu angefungwa, mama wa watu anafukuzwa kijijini kwa ajili ya mikono ya mpumbavu mmoja!" Natukana huku nafuta vumbi kwa kitambaa nione vizuri. Vumbi likatoka. Chini yake kulikuwa na uzi, umezungushwa mara tatu, una fundo.

Ulikuwa wa kijani.

Wembe ulikuwa mkononi. Kuukata uzi ni kufumba na kufumbua, halafu kiungo kinabaki yatima, cha fundi yeyote wa Mara nzima. Ningependa kuwaambia nilimkumbuka Mzee Salum na karatasi yake ukutani, nikauweka wembe chini. Ukweli ni kwamba Chacha aliinama begani kwangu akasema, "Fundi, si uzi wako huu?" Ndicho kilichoniokoa, mdomo wa Chacha. Bila yeye sijui, na kutojua huko ndiko kunakonikera mpaka leo.

Mkono ulitaka kutengeneza. Solda ilikuwa tayari, dakika kumi kazi ingekuwa imekwisha. Lakini ningetengeneza vizuri, ushahidi wa Bhoke ungekwisha pamoja na ubovu. Kwa mara ya kwanza maishani nikairudisha hitilafu mahali pake kama nilivyoikuta, nikaunganisha tena ule waya wa kisanduku, nikafunika mpira. Ritongo lilikuwa linakaa kesho yake. Chacha akaliomba gari kwa mkubwa wake, tukaenda.

Wazee walikuwa wamekaa, Bhoke kakalishwa pembeni, peke yake, kwenye nyasi. Nikaeleza. Mwenyekiti wao, mzee mwenye koti la suti na gambuti, akasema, "Mura, maneno ya waya hatuyajui. Tuonyeshe." Nikafunga milango, nikabonyeza, loki zikalia kufunga, nikampa ufunguo aushike mwenyewe. Tukangoja.

Kimya. Nikaegemea mlango, nikausukuma, nikautikisa. Kimya. Hitilafu ya umeme ukiiita mbele za watu haiji, hata mkiwa mmeonana jana. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Huyu kalipwa na mwanamke." Jana mita ililia palepale, leo imekuwaje?

Ndipo nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya miezi mingi nyuma. Nikamgeukia Bhoke. "Mama, siku ile sokoni, uliegesha vipi?"

Wazee wakaguna kwamba mtu aliyetengwa haongeleshwi. Bhoke akainua uso. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," akasema. "Lori la ndizi lilikuwa limeziba. Nikapandisha gurudumu la mbele la upande wangu juu ya ukingo wa mtaro."

Jeki! Jana gari lilikuwa juu ya jeki, upande huo huo. Bodi inajipinda kidogo, mlango unasogea, waya unalala kwenye chuma. Hapa tuko kwenye uwanja uliosawazika kama meza. Nikaomba jiwe, vijana wakalibiringisha, Chacha akapandisha gurudumu lile. Tukafunga tena, mwenyekiti kashika ufunguo. Kimya bado. Mzee akachoka, akasogea, akalipiga gurudumu teke la dharau kwa gambuti lake.

Tak! Milango yote minne.

Tukafunga tena. Akapiga teke tena, safari hii kwa adabu. Tak! Mara ya tatu akamwita mwenzake naye apige. Nikafungua mlango, nikavuta mpira, nikawaonyesha shaba iliyo uchi. Mzee akainama karibu. "Na huu uzi ni wa nini?"

"Ni alama ya fundi aliyeunga."

"Fundi gani huyo?"

"Mimi."

Nawaambia, nimeguswa na umeme wa betri, wa koili, na siku moja wa nguzo. Neno hilo moja lilizidi. Halafu wazee wakateta kwa Kikurya, na mwenyekiti akasema Bhoke ni safi, arudi kwenye moto na kisima. Hivyo tu! Siku kumi na mbili watoto wake wamekula mahindi ya kuchemsha kwa kukosa pa kusaga, na hakuna mzee hata mmoja aliyefungua mdomo kusema tumekosea. Na mimi wakaniamuru nitoe ng'ombe wa kumsafishia jina.

Bhoke akasimama. Kwenye ritongo mwanamke haongei bila kuombwa, lakini nani angemkalisha siku ile? "Ng'ombe wake simtaki," akasema. "Nyie wote mlikatazwa kuniitikia. Yeye hakukatazwa na mtu. Nilimwamkia pale Mugumu, akaingiza kichwa kwenye injini. Nataka aniitikie. Popote nitakapomwamkia, mbele ya yeyote, aitikie mpaka nisikie."

Wazee wakasema ni haki. Akanigeukia. "Shikamoo, fundi."

Nikaitikia. Akasema hajasikia. Nikaitikia tena.

Darubini haijapatikana mpaka leo. Mtoto wa Ringwani akishikwa na homa bado anabebwa mpaka Mugumu. Mwizi simjui, lakini mlango aliupata kwangu. Kiungo nilikikata siku ile ile jioni, nikakiunga upya kwa solda, na nyaya zote za mlango ule nikazibadilisha, na kazini Bhoke akarudishwa. Uzi ule nikautunza. Nyie mnaoweka waya mahali pa fyuzi, mnaosokota na kusema Jumatatu, tafuteni uzi wenu, kila mtu rangi yake, na mkimwona dereva anaongea, akiwa na suruali au gauni, leteni kiti. Kigoda changu nimewaachia kwa kazi hiyo, sikukichukua.

Na msidhani yameisha. Jana nilikuwa dukani nanunua sukari, watu wamejaa, gari likapunguza mwendo likasimama katikati ya barabara. Kioo cha dereva kikashuka, chote, bila kukwama, kwa sababu nilikitengeneza mwenyewe. "Shikamoo, fundi." Nyuma yake pikipiki zinapiga honi. Haondoki. Ananitazama tu, mkono kwenye usukani, anangoja.

"Marahaba," nikasema kwa sauti.

Kioo kikapanda.